Mgonjwa Anaweza Kungoja Saa Ngapi? Historia Fupi ya Hospitali Kuu na Msaada wa Karibu

Ndugu wakimbizi wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuhudumia,

Kila inapofika tarehe 20 Juni kamati yetu hutoa toleo hili la kumbukumbu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Siku hiyo ikawa ya wakimbizi wa Afrika, na tangu mwaka 2001 inaadhimishwa na dunia nzima. Ni siku ya kuwakumbuka tuliowaacha njiani. Wengi wetu tunaye ndugu ambaye hakufa kwa risasi wala kwa panga. Alikufa kwa kuhara, kwa homa au kwa uzazi, na dawa ya kumponya ilikuwako, ila ilikuwa mbali. Kwa sababu hiyo makala ya historia ya mwaka huu inahusu dawa iliyoko mbali.

1. Swali lililo mbele yetu

Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na wafadhili wengine pia wakapunguza yao. Sisi tuliyaona matokeo kwenye mgawo wa chakula, shuleni na zahanati. Sasa mashirika yanatafuta mahali pa kubana matumizi, na pendekezo limeletwa mbele ya kamati: vituo vidogo vya afya vya mitaani vifungwe usiku, na waganga, wakunga na dawa wakusanywe kwenye kituo kikuu karibu na ofisi. Wagonjwa wazito wataendelea kupelekwa hospitali ya wilaya.

Wanaolitetea pendekezo hili wana hoja ya kweli. Muuguzi mmoja peke yake usiku, bila maabara, bila damu na bila mwenzake wa kushauriana naye, hawezi kufanya mengi. Heri kituo kimoja chenye nguvu kuliko vitano dhaifu. Wanaolipinga nao wana hoja ya kweli. Mtaa wa mwisho uko mbali, njia ni mbaya wakati wa mvua, na usiku gari halipatikani kila mara. Mama mwenye uchungu hawezi kupanda kilima kwa miguu.

Mimi si mganga, ni mwalimu. Lakini swali hili si geni. Limeulizwa Uganda, Kongo, Tanzania, India na Goma, na majibu yaliyopatikana yaligharimu maisha ya watu wengi. Tuyasome kabla ya kupiga kura.

2. Hesabu ya Mityana

Mwaka 1966 kilitoka kitabu juu ya matibabu katika nchi maskini, kilichohaririwa na Daktari Maurice King wa Chuo Kikuu cha Makerere. Ndani yake mna hesabu ya hospitali ya Mityana, magharibi ya Kampala. Waliohesabu walitaka kujua wagonjwa wa nje wanatoka wapi. Wakakuta kwamba kadiri watu walivyokaa mbali ndivyo walivyokuja kwa uchache, na kwa kila maili mbili, yaani kilomita tatu na kitu, mahudhurio yalipungua kwa nusu.

Tuchukue mfano wa darasani. Ikiwa mtaa ulio mlangoni pa hospitali unaleta wagonjwa 80, mtaa wenye watu idadi ileile ulio umbali wa kilomita tatu unaleta 40, wa kilomita sita unaleta 20, na wa kilomita kumi hivi unaleta 10. Je, wale 70 waliopungua hawakuugua? Waliugua kama wenzao. Walibaki nyumbani wakingoja nafuu, au wakingoja kifo.

Hapo tunapata onyo la kwanza. Daftari la hospitali linaonyesha waliofika. Halionyeshi walioshindwa kufika. Kituo cha mtaani kikifungwa, hesabu ya wagonjwa wake inaweza kushuka, na mtu wa ofisini akadhani afya imekuwa nzuri.

King alitoka na kanuni ambayo nitaieleza kwa maneno yangu: mgonjwa atibiwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana, katika kituo kidogo na cha gharama nafuu kuliko vyote ambacho bado kinaweza kumtibu sawasawa. Angalieni pande mbili za kanuni hiyo. Upande mmoja unasema karibu. Upande wa pili unasema sawasawa. Ugomvi wote wa historia ya hospitali ni kati ya maneno hayo mawili.

3. Machela ya wazee wetu

Kabla ya gari la wagonjwa kufika katika nchi zetu, watu walikuwa na gari lao la miguu. Katika Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, linaitwa engozi. Wanyarwanda na Warundi husema ingobyi. Sisi wa Kongo tunakumbuka kipoyi, ingawa neno hilo linatukumbusha pia wazee wetu waliolazimishwa kuwabeba wakubwa wa kikoloni mabegani.

Engozi haikuwa machela tu. Ilikuwa chama. Kila kilima kilikuwa na kikundi, kila nyumba ilitoa mtu wa kubeba, na asiyefika alipigwa faini. Mgonjwa wa tajiri na mgonjwa wa maskini walibebwa na mabega yaleyale. Vikundi hivi havikufa. Mwaka 2010 hospitali ya Bwindi, katika nchi hiyohiyo ya vilima, ilipoanzisha mpango wa bima ya afya, iliwaandikisha watu kupitia vikundi vya engozi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vimekwisha kuaminiwa.

Tusiyasifu ya zamani kupita kiasi. Machela haina dawa, na wengi walifia juu yake. Lakini wazee walifahamu jambo ambalo wapangaji wengi wa baadaye walilisahau: njia ya kwenda kwa mganga ni sehemu ya matibabu, na lazima iwe na watu wake waliopangwa kabla ya ugonjwa kuingia.

4. Kongo: majengo mengi, kisha zone za afya

Wakoloni wa Kibelgiji walijenga hospitali nyingi. Kampuni za migodi, kama Union Minière katika Katanga, zilikuwa na hospitali za wafanyakazi wao, na misheni zilikuwa na zao. Toka mwaka 1930 kulikuwa pia na mfuko wa FOREAMI ulioanza kazi vijijini katika Kongo ya Chini. Hata hivyo, siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima ilikuwa haina daktari Mkongomani hata mmoja. Walikuwako wasaidizi wa matibabu zaidi ya mia moja, waliofunzwa vizuri, lakini ngazi ya juu walikuwa wamefungiwa. Fujo zilipoanza mwezi wa Julai, madaktari wengi wa Kizungu waliondoka. Shirika la Afya Duniani lilileta madaktari wa kigeni kuziba pengo, na likawapeleka makumi ya wale wasaidizi Ufaransa wakamalize masomo ya udaktari.

Fundisho ni wazi. Nguvu ikiwekwa kwa watu wachache walio juu, siku wanapoondoka hospitali inabaki kuta. Na sisi wa kambini twajua kwamba watu wa juu wanaweza kuondoka kwa barua moja.

Baada ya uhuru, Kinshasa ilikuwa na hospitali ya Mama Yemo, yenye vitanda vipatavyo 2,000, iliyopewa jina la mama yake Mobutu. Tanzania ilikuwa na mjadala kama huo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba hospitali kubwa ziko mijini na zinawafaa wachache, ilhali mkopo wa kuzijenga unalipwa kwa mazao ya mkulima ambaye hazitumii. Mwaka 1978, mwezi wa Septemba, wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya wakati wa Wasovieti, wakakubaliana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi na kufanya kazi.

Zaire ya wakati huo ilikuwa na mfano wake wa kuonyesha. Katika Kasongo, Maniema, madaktari wa Kikongomani na wa Kibelgiji walikuwa wakijaribu tangu miaka ya 1970 kuiunganisha hospitali moja na mtandao wa vituo vya afya vijijini. Walikuta kwamba mahali penye kituo, watu waliolazwa hospitalini kwa magonjwa ambayo yangeweza kutibiwa kijijini walipungua. Hivyo kituo kidogo hakikuinyang'anya hospitali kazi yake. Kiliipunguzia mzigo usiokuwa wake.

Katika miaka ya 1980 nchi ikagawanywa katika zone za afya 306. Kila zone ilikuwa na hospitali kuu ya rufaa, vituo vya afya vinavyoizunguka, na bodi moja ya kuangalia vyote. Zone ya vijijini ilikusudiwa watu kama 100,000 hadi 150,000. Leo zone hizo ni 519. Miaka ya 1990 ilikuja na uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993, kisha vita. Mishahara ya serikali ilikoma, wagonjwa wakalazimika kulipa karibu kila kitu, na walio maskini wakabaki nje. Lakini zone nyingi hazikufa. Misheni, mashirika na wauguzi wenyewe waliziendesha, kwa sababu kila moja iliweza kusimama kidogo kwa miguu yake hata Kinshasa iliponyamaza. Mti wenye mizizi mingi hauangushwi na upepo mmoja.

5. Bangaon 1971: dawa mikononi mwa jamaa

Sasa twende mbali kidogo, kwa kuwa kambi ya wakimbizi ya huko ilifundisha dunia nzima. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza watu wapatao milioni kumi kuingia India. Katika kambi ya Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kililipuka. Dawa iliyokubalika wakati ule ilikuwa dripu ya mshipani, iliyohitaji sindano safi, chupa na muuguzi aliyefunzwa. Wagonjwa walilala sakafuni na chupa zilikuwa karibu kwisha.

Daktari Dilip Mahalanabis, mwana wa Bengali, alichukua uamuzi. Alichanganya glukosi, chumvi na magadi katika maji, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe, kikombe baada ya kikombe. Madaktari wengi hawakuamini kwamba jambo hilo lingefaa nje ya hospitali. Vifo, ambavyo vilikuwa vinakaribia 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Toka hapo maji ya chumvi na sukari yameokoa watoto wengi mno duniani. Mahalanabis alifariki mwaka 2022.

Kilichobadilika Bangaon hakikuwa dawa peke yake. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kuitoa. Mama aliyekaa kando ya mwanawe akiomba Mungu alipewa kikombe, akawa mhudumu. Na kila mzazi wa kambi hii apaswa kujua kipimo cha nyumbani pakiti zinapokosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo bila kuacha, huku mwingine akitafuta msaada.

6. Goma 1994: karibu bila ujuzi

Goma inatuuma zaidi kwa kuwa ni kwetu. Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Kivu ya Kaskazini kwa muda wa siku chache. Miongoni mwao walikuwamo walioua, na walikuwamo watoto na vikongwe wasio na hatia. Kipindupindu hakikuuliza. Maji yalitoka ziwani, na ardhi ilikuwa mawe ya volkano yasiyochimbika choo wala kaburi. Katika Kibumba, Katale na Mugunga maiti zilipangwa kando ya barabara. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Wengi wao walifia nje ya vituo vya matibabu. Hiyo ni hesabu ya Mityana tena, ila kwa kasi ya kutisha. Kipindupindu kikali kinaweza kummaliza mtu mzima kwa saa chache, na mtu wa namna hiyo hawezi kutembea kwenda kwenye hema la matibabu.

Lakini Goma ina fundisho la pili, na halipendezi kwa sisi tunaotetea vituo vya karibu. Hata waliofikishwa vituoni siku za kwanza walikufa zaidi ya 20 katika kila 100, ilhali ugonjwa huu ukitibiwa vizuri hufa mmoja au pungufu. Wataalamu wa kipindupindu waliofika kutoka Bangladesh walichunguza sababu, wakazitaja: maji yaliingizwa mwilini polepole mno, maji ya kunywa hayakutumika vya kutosha, baadhi ya dripu hazikuwa za aina inayofaa, na wahudumu wengi walikuwa hawajawahi kuona kipindupindu. Baada ya mambo kurekebishwa, vifo vilishuka hadi wawili au watatu katika 100. Tuone na hili: waliokuja kufundisha walitoka katika taifa ambalo miaka 23 nyuma lilikuwa kambini.

Kwa hiyo ukaribu bila ujuzi haukutosha. Hema lililo jirani, lenye mtu asiyejua kazi, laweza kuwa mlango wa makaburi.

Aibu ya Goma ilizaa kazi nzuri. Mwaka 1997 mashirika yalianzisha mpango wa Sphere wa kuandika viwango vya chini vya huduma wakati wa maafa. Kwa habari ya afya, viwango hivyo vimetaja kituo cha msingi kimoja kwa watu 10,000, kituo kikubwa kimoja kwa watu 50,000, na hospitali ya wilaya moja kwa watu 250,000. Toleo la mwaka 2018 linataka watu 80 katika kila 100 waweze kufikia huduma ya msingi kwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Ndugu wa mashirika, vitabu hivyo ni vyenu. Kipimo hicho tumekitoa kabatini mwenu.

7. Lakini hospitali nayo haina mbadala

Nisieleweke kwamba naidharau hospitali kuu. Mtoto aliyekwama tumboni hatoki kwa kikombe cha maji. Anahitaji kisu, dawa ya usingizi, damu na mikono iliyozoea. Mikono haizoei ikiwa kila kituo kinapata mgonjwa wa namna hiyo mara moja kwa mwezi. Kazi za namna hii ni haki zikusanywe.

Uganda ilijaribu kuzisogeza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilijenga vituo vya afya vya ngazi ya nne, kila kimoja na chumba cha upasuaji. Vyumba vingi vilikaa miaka bila mgonjwa kupasuliwa humo, kwa kukosa daktari, umeme, maji au damu. Msumbiji ilipita njia nyingine: toka mwaka 1984 ilifunza mafundi wa upasuaji wasio madaktari, na hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Tanzania nayo kwa miaka mingi iliwatumia madaktari wasaidizi kwa kazi hiyo. Uganda ilitanguliza jengo. Msumbiji ilitanguliza mtu, na mtu ndiye aliyefanya kazi.

Mwaka 1994, mwaka uleule wa Goma, watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwa nini akina mama wanakufa katika uzazi. Walitaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Maine alikuwa amekwisha kukadiria pia muda ambao mama anao tangu hatari inapoanza hadi kifo. Akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, ana kama saa mbili. Akitokwa damu kabla ya kujifungua, saa kumi na mbili. Mfuko wa uzazi ukipasuka, siku moja. Kifafa cha mimba, siku mbili. Mtoto akikwama, siku tatu. Maambukizi ya baada ya uzazi, siku sita.

Msomaji, soma tena orodha hiyo, kwa maana ndani yake mna jibu la swali letu. Mama aliyekwama kwa mtoto ana muda wa kufika hospitali ya wilaya, mradi uamuzi ufanywe mapema na gari liwepo. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hana muda huo. Msaada wake wa kwanza lazima uwe pale alipojifungulia, hata kama wa pili uko hospitalini. Kwa hiyo tusiulize tu ni huduma ipi kubwa na ipi ndogo, ipi ya bei na ipi ya rahisi. Tuulize mgonjwa wa ugonjwa huo anaweza kungoja saa ngapi. Anayeweza kungoja siku moja na apelekwe mbali, apate ujuzi mkubwa. Asiyeweza kungoja saa mbili lazima msaada umfuate alipo.

8. Tunaiomba nini kamati

Fedha zimepungua, hilo hatulibishi. Lakini pendekezo lililoletwa linagawa huduma kwa majengo. Historia inatushauri tuzigawe kwa saa. Nitatoa mawazo manne, kamati iyajadili kabla ya kikao cha mwezi ujao.

La kwanza, maabara, ghala kuu la dawa, kulaza wagonjwa na kliniki za magonjwa ya muda mrefu ziende kituo kikuu. Wagonjwa hao wanaweza kungoja asubuhi. Hapo mashirika yataokoa fedha bila kumuua mtu.

La pili, katika kila kituo cha mtaani abaki usiku mtu mmoja aliyefunzwa, mwenye dawa ya kuzuia damu baada ya uzazi, dawa ya malaria kali, pakiti za maji ya chumvi, taa na simu. Kazi yake ni kumshika mgonjwa asipotee katika saa zake za kwanza, na kumtuma mbele mapema. Mtu huyo afunzwe upya kila mwaka, tukikumbuka Goma. Vijana wetu waliosomea uuguzi kabla ya kukimbia wapo, na wengine wanachoma mkaa.

La tatu, kila mtaa uunde kikundi cha machela kama engozi: zamu iliyoandikwa, faini kwa asiyefika, na mahali pamoja panapojulikana pa kuikabidhi machela kwa gari. Hilo halihitaji mfadhili. Mashirika nayo yatuhakikishie mafuta na dereva wa usiku. Gari lao likishindwa, kuwe na makubaliano na wenye pikipiki na magari ya jirani. Tanzania imefanya hivyo katika mpango wa m-mama, ambamo gari la mtu binafsi humchukua mama pale gari la wagonjwa linapokosekana, na mwenye gari hulipwa.

La nne, liwepo daftari la saa. Kwa kila mgonjwa wa dharura yaandikwe mambo matatu: saa hatari ilipoonekana, saa alipofika kituoni, na saa alipohudumiwa. Kila mwezi kamati na mashirika walisome pamoja. Kama mwendo ni mrefu, tutajua. Kama sisi nyumbani ndio tunaochelewa kwa sababu ya aibu, dawa za kienyeji au kungoja ruhusa ya mume, tutajua hilo pia, wala hatutaweza kuwasingizia mashirika. Daftari la namna hii lingekuwapo miaka iliyopita, leo tungejadiliana kwa hesabu.

Utaratibu wa usiku ukikamilika kwa mambo hayo, mimi binafsi sitaona ubaya vituo vingine vikiunganishwa. Lakini kufunga mlango wa karibu kabla ya kufungua njia ya kwenda wa mbali ni kurudia kosa ambalo nchi nyingine zimekwisha kulilipia.

Mwisho, nawaomba jambo dogo wote mtakaohudhuria kikao. Kabla ya kuja, tembeeni usiku mmoja kutoka mtaa wa mwisho hadi kituo kikuu, mkiwa na saa mkononi, na mkumbuke kwamba mgonjwa hatembei kwa mwendo wenu. Dakika mtakazozihesabu ziandikwe katika kumbukumbu za kikao, mstari wa kwanza, ndipo mjadala uanze.

Mungu awapumzishe tuliowapoteza. Nawatakieni nyote kumbukumbu njema.

Mwalimu wa Historia,
kwa Kamati ya Elimu na Utamaduni